Wanaitika, Hawaiti

Jioni ile nilikuwa jikoni namimina supu ya njegere kwenye chupa ya chai, nikisukuma vipande vya soseji kwa mpini wa kijiko ili vipite, huku nampigia kelele mume wangu.

"Harm! Harm! Umepakia betri?"

Kimya.

Ndivyo alivyokuwa Harm. Ukimwita haitiki. Miaka yote ya ndoa yetu nimeita mpaka koo likakauka, na yeye yuko chumba cha pili, anasikia vizuri, amenyamaza kama gogo. Lakini yeye akikutaka, ataita mpaka majirani wajue. "Roelien! Miwani yangu iko wapi? Roelien! Nani kachukua koleo?" Jina langu lilikuwa mdomoni mwake kutwa nzima, na sifichi, lilikuwa limenichosha.

Nikamkuta nje anafunga buti la gari, anakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kilichomshika tangu Krismasi.

"Hayo masikio umewekewa ya nini?"

"Betri nimepakia," akasema. "Roelien, hivi ni lazima leo? Kifua hiki..."

"Leo. Tangu Krismasi hatujaona nyota hata moja. Leo mawingu yamefunguka, mwezi haupo, halafu unaniletea habari za kifua?"

"Basi, mama, basi. Nikifa mtanitia kwenye kalenda."

Alisema hivyo kwa sababu chama chetu cha watazama nyota hutoa kalenda kila mwaka, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba safari hii picha ya jalada itakuwa yangu. Nilitaka Kichwa cha Farasi. Ni wingu la vumbi jeusi lililosimama mbele ya wingu la gesi jekundu, huko mbali kwenye kundi la nyota la Orioni. Halina mwanga wake lenyewe. Unaliona tu kwa sababu linaziba mwanga wa jirani yake. Kwa jicho huwezi kuliona kamwe, linataka darubini, kamera, baridi na subira, na hivyo vyote ninavyo isipokuwa subira.

Tukaondoka giza linaanza kuingia. Januari kwetu Drenthe, kaskazini mwa Uholanzi, giza halichelewi. Watu bado hawajala chakula cha jioni na nje hakuna tofauti na usiku wa manane.

Kwenye geti la nyika ya Holtveen tulimkuta mzee Tiemen, mfugaji wa kondoo, ambaye hajawahi kutupenda. Alikuwa anaingiza kondoo wake zizini. Mmoja alikohoa, kikohozi kikavu kabisa, na Harm akageuka kwa mshangao.

"Huyo ana ugonjwa wako," nikamwambia.

Tiemen hakutusalimu. Alisimama mbele ya gari na fimbo yake.

"Mama Nyota. Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda, mzee Tiemen. Fungua geti."

"Msiweke vyuma vyenu juu ya Tuta."

"Tuta ni la serikali, si la babako."

"Si la babangu wala si la serikali. Lina wenyewe."

Hapo nikamkata jicho. Tuta ni kaburi la watu wa kale, kilima cha udongo katikati ya nyika, na kila mtoto wa kwetu anajua hao wenyewe ni akina nani. Wanawake Weupe. Wanaokaa ndani ya makaburi ya kale na kutoka na ukungu. Mama yangu alitutishia hao tulipokataa kulala. Lakini ukungu wa nyika hulala chini, na juu ya Tuta anga huwa safi. Mpiga picha mwenye akili ataiweka wapi darubini yake?

Harm akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mzee, tuonyeshe mmoja tumpige picha."

"Wewe cheka tu." Tiemen akainamisha kichwa hadi kwenye dirisha langu. Alinuka sufu na tumbaku. "Ukungu ukipanda, ondokeni wote wawili, mmeshikana mikono. Mkipoteana, msiite. Ukiita, wataitika wao. Wale wanaitika, lakini hawaiti. Kuanza neno hawawezi, na jina la mtu hawawezi kulitamka. Ukisikia unaitwa jina lako, huyo ni mtu. Mfuate."

"Haya, mhubiri. Tumesikia. Fungua geti."

"Mmesikia," akasema. "Hamkusikiliza."

Akafungua.

Sisi watu wa nyota tuna adabu zetu. Uwanjani hakuna mwanga mweupe. Taa ya kichwani ni nyekundu. Kioo cha kompyuta kimefunikwa kwa plastiki nyekundu. Taa ya ndani ya gari imezibwa kwa mkanda mweusi, isije ikawaka mlango ukifunguliwa. Macho yakishazoea giza huona mengi, na mwanga mweupe wa kufumba na kufumbua huyaharibu kabisa. Kwa hiyo mtu hamulikwi usoni. Unaweza kukaa naye gizani, mkagawana supu na kusengenya watu, usiijue sura yake. Na ukiondoka, unaondoka taa za gari zimezimwa, unatambaa mpaka barabarani, ndipo unawasha. Unafanya hivyo hata ukiwa peke yako. Ni mazoea.

Harm alipanda juu ya Tuta na darubini. Mimi nilibaki garini chini yake, kompyuta mapajani, waya mrefu ukipita dirishani kupanda kilima. Kazi yake huko juu ilikuwa kupangusa umande usigande kwenye lenzi. Na mwisho wa yote, kuweka kifuniko. Hapo kamera huendelea kupiga, huku imefunikwa, picha za giza tupu. Tunazihitaji ili programu ijue uchafu wa kamera yenyewe na kuutoa kwenye picha nzuri. Kazi ile ya kifuniko ilikuwa ya Harm. Angeweza kusahau siku ya ndoa yetu, na aliisahau mara nyingi, lakini kifuniko hakukisahau hata siku moja.

Picha zikaanza kuingia. Moja, nyingine, nyingine. Programu inazipanga moja juu ya nyingine na kuzijumlisha. Kinachotulia mahali pake kinabaki na kuwa wazi zaidi. Kinachopita, ndege au satelaiti, kinatupwa kama hakikuwepo.

Na polepole, kwenye wekundu wa kioo, likajitokeza. Shingo. Taya. Paji la uso. Kichwa cha farasi mweusi, kimeinama.

Machozi yalinilengalenga, na mimi si mtu wa machozi.

"Roelien!" Harm akaita kutoka juu. "Linaonekana?"

"Linaonekana! Nyamaza, unatikisa stendi!"

"Roelien!"

"Nini tena?"

"Ukungu unapanda."

"Si uache upande! Kaa hapohapo, pangusa lenzi!"

Hakuitika. Nikamsikia akikohoa. Taa yake nyekundu ilikuwa pale juu, nukta ndogo, ikienda huku na huku.

Nikarudi kwenye kioo.

Sijui nilikaa namna gani bila kutazama nje. Nilichokisikia kwanza ni harufu. Maji ya kinamasi. Maji meusi yaliyolala chini ya mboji tangu enzi, na ndani yake kitu kama nywele zilizolowa. Nikapandisha dirisha mpaka likabana waya. Harufu ikawa imeshaingia ndani.

Nikainua macho.

Nje hakukuwa na kitu. Sio giza. Giza nalijua, nalipenda. Huu ulikuwa weupe. Ukungu umesimama wima kuzunguka gari, umefika juu ya Tuta, umepita juu ya Tuta, na ile nukta nyekundu haikuwepo.

Halafu sauti.

Sss... sss... sss...

Kama nguo ndefu inayoburutwa kwenye majani yenye barafu. Ikapita upande wa kushoto wa gari. Ikazunguka nyuma. Kitu kikagusa bati la gari, taratibu, kama kiganja kinachopapasa tumbo la ng'ombe.

Na nikafanya lile nililolifanya kila siku ya ndoa yangu.

"Harm!"

"Naam."

Papo hapo. Karibu. Upande wa pili wa mlango.

Mungu wangu, nilifurahi. Ningecheka kama si meno kugongana. Tangu tulipotoka kanisani kufunga ndoa Harm hajawahi kuniitikia "naam". Nilisema moyoni, leo na yeye ameogopa, leo amepata adabu.

"Ingia basi!"

Mlango ukafunguka. Taa haikuwaka, tuliiziba wenyewe. Mtu akaingia, kofia ya koti imeshuka usoni, akakaa. Baridi iliyoingia naye ilinichoma masikio. Harm ni mtu mnene, akikaa gari hulala upande wake.

Gari halikulala.

"Taa yako imezimika?" nikanong'ona.

"Imezimika."

"Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Tuondoke?"

"Tuondoke."

"Na darubini? Tuiache?"

"Tuiache."

Sauti ilikuwa yake. Siwezi kusema haikuwa yake. Nzito, yenye mkwaruzo kidogo, sauti niliyoijua tangu usichana. Harm ambaye kwa skrubu moja iliyopotea angetambaa kwenye theluji mpaka asubuhi, alikuwa tayari kuacha darubini nzima. Hata hilo halikunishtua. Nilitaka kuondoka, na yeye alitaka ninachotaka, na nikaona ndiyo raha ya kuwa na mume.

Nikachomoa waya, nikautupa nje. Kamera na betri vilikuwa juu, vingeendelea vyenyewe. Nikawasha gari. Taa sikuwasha. Mazoea.

Magurudumu yakaanza kuzunguka.

"Roelien!"

Nikakanyaga breki.

Ilitoka nyuma. Ilitoka juu, kwenye Tuta, ndani ya ukungu.

"Roelieeen!"

Nikamtazama aliyekaa pembeni yangu. Alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti.

"Umesikia?" nikanong'ona.

"Nimesikia."

"Si wewe?"

"Si mimi."

Basi nilijua. Nilidhani nimejua. Mzee Tiemen alisema kitu kuhusu kuita na kuitika, na katika ile hofu maneno yake yaligeuka kichwani mwangu kama soksi. Nilichokumbuka ni kile ambacho kila bibi duniani humwambia mjukuu wake. Ukiitwa gizani na usiyemwona, usiitike. Na mume wangu si huyu hapa? Waniite watakavyo. Sidanganyiki.

"Mashetani wakubwa nyie!" nikapiga kelele, nikakanyaga mafuta.

Jina langu likaitwa tena. Na tena. Na baada yake kikaja kitu kingine, kifupi, kikavu.

Kondoo, nikajiambia. Kondoo wa Tiemen wanakohoa kama watu.

Nikafungulia feni ya hita mpaka mwisho, nisisikie.

Tulipofika barabara ya lami niliwasha taa kubwa. Yule aliyekaa pembeni alijikunja kama karatasi kwenye moto, akaivuta kofia mpaka kidevuni.

"Mwanga unakuumiza macho?"

"Unaniumiza macho."

Nikamhurumia. Macho ya mtu aliyetoka gizani huuma. Tulipofika nyumbani sikuwasha taa ya ukumbi, nikamwongoza kwa mkono wa koti mpaka chumba cha nyuma, kile cha kazi zetu, chenye pazia nene na balbu nyekundu. Akakaa kwenye kiti chake. Hapo akaishusha kofia.

Alikuwa Harm. Pua yake, ndevu zake zisizochanwa, kovu la kidevuni. Lakini katika mwanga mwekundu watu wote ni rangi moja. Aliyekunywa mvinyo, aliye mgonjwa, aliye mweupe kama chokaa, wote ni wekundu.

Nikammiminia supu. Aliiacha mpaka ikapoa na kushika utando juu. Ndipo akainywa, yote, bila kijiko.

"Kifua kimepoa?" nikamwuliza.

"Kimepoa."

Kweli kilipoa. Hakukohoa hata mara moja.

Alfajiri nilimwacha amekaa palepale, nikarudi Holtveen peke yangu. Baridi ilikuwa kali na ukungu ulikuwa umeondoka wote. Mzee Tiemen alikuwa amesimama chini ya Tuta na mbwa wake. Mbwa hakutaka kupanda.

"Nilisikia kelele jana," akasema. "Nilikuja mpaka ukingoni mwa ukungu. Ndani siingii, hata kwa kondoo wangu mwenyewe siingii. Ziliendelea, halafu zikaisha."

"Walikuwa wao," nikasema. "Waliniita jina langu. Lakini hawakunipata."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza kwenye uso wake sikuona chuki. Ningependelea chuki.

"Nani aliita?"

"Wao. Hao Weupe wako."

"Mama Nyota, nilikwambia nini pale getini?"

"Harm yuko nyumbani, mzee. Amekaa kwenye kiti chake."

"Sikukuuliza Harm yuko wapi. Nimekuuliza nani aliita."

Nilipanda Tuta kwa mikono na magoti, nateleza kwenye barafu. Darubini ilikuwa imesimama pale Harm alipoiweka, nyeupe kwa umande ulioganda. Kwenye stendi, kwa mkanda wake, ilining'inia taa ya kichwani, ile nyekundu, imewaka mpaka betri ikafa.

Na kifuniko kilikuwa mahali pake. Kimebanwa vizuri. Kimepigwa na kiganja kwa juu, kama anavyofanya yeye.

Nilizungusha macho nyika nzima. Majani, barafu, maji meusi ya kinamasi yaliyoshika kioo cha barafu juu. Mdomo wangu ukafunguka nimwite, na mzee Tiemen, kule chini, akapiga fimbo ardhini.

"Usiite!"

Picha zilikuwa ndani ya kamera. Nilizitazama kule kule garini, sikuthubutu kuzitazama nyumbani. Za kwanza ni zile nilizoziona, farasi wangu, safi. Kisha ukungu, kijivu tupu. Kisha picha zinaanza kuwa nyekundu. Mtu amesimama mbele ya lenzi na taa nyekundu, anaipangusa. Anaondoka, anarudi, anapangusa tena. Nilimwambia akae hapohapo apanguse, na alikaa hapohapo akapangusa. Picha nyingi sana za namna hiyo. Nilikuwa nimeshalala kitandani kwangu na yeye bado anapangusa.

Halafu nyekundu inakwisha, na zinafuata picha za giza.

Giza tupu, kama inavyotakiwa. Alifunga kazi vizuri. Alidhani nitarudi kuzichukua.

Niliziweka zote kwenye programu. Nilipaswa kuona, nisingeweza kulala bila kuona. Ikazijumlisha, ikatoa uchafu, na ule wekundu wote ikautupa, kwa sababu ni kitu kilichopita tu. Ikanipa Kichwa cha Farasi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Sikukipeleka kwenye kalenda.

Sasa niambie wewe unayesoma, niende polisi nikasemeje? Mume wangu amepotea? Watakuja, watamkuta amekaa. Watamwuliza, "Wewe ni Harm?" Atajibu, "Ndiye mimi." Watanishika bega, watanishauri nikapumzike.

Jirani yetu Jantien alinisimamisha juzi mbele ya duka la mikate, anacheka.

"Roelien, umemfanya nini mzee wako? Nimepita dirishani kwenu jioni nikasema habari za jioni. Ameitikia! Harm! Nilidhani nitakufa bila kuisikia sauti yake. Sasa ana heshima kweli."

"Ana heshima," nikasema, na mkate ukanianguka.

Nimemjaribu. Usiku mmoja nilisimama mlangoni mwa kile chumba, mgongo ukutani.

"Jina langu nani?"

Akainua uso. Hakuwa na hasira wala huzuni. Kwenye ule wekundu alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayependa kuulizwa.

"Jina lako," akajibu.

"Litamke."

"Nalitamka."

"Sema Roelien!"

Midomo ikafunguka. Ikabaki wazi. Ikazidi kufunguka, zaidi ya midomo inavyofunguka, na ile harufu ya maji meusi ikajaa chumba kizima. Nikafunga mlango kwa nje. Ndani hakuna aliyegonga. Hakuna aliyelalamika. Yeye haanzi neno.

Balbu nyeupe ninayo. Iko kwenye droo ya jikoni, mpya, ndani ya boksi lake. Mzee Tiemen anasema nikiiwasha mle ndani, huyo ataondoka. Lakini anasema pia kwamba ni kukopeshana, huyu hapa na Harm kule, na huyu akiondoka sijui Harm atarudi kwa njia gani. Anasema hajui. Mama yake hakumwambia zaidi ya hapo, na namchukia kwa kutojua kwake, na kila jioni ananifungulia geti bila kuniuliza.

Maana kila jioni ukungu unapopanda ninakwenda Holtveen. Naegesha chini ya Tuta, taa zimezimwa, dirisha wazi. Darubini sibebi tena. Siiti, siwezi kuita. Nikiita kule nyikani, Harm hataitika, hajawahi kuitika maishani mwake, na wataitika wao, wote kwa pamoja, kwa sauti yake. Kwa hiyo nakaa. Nasubiri aniite yeye. Lile jina lililonichosha, alipige kelele kama anatafuta miwani. Jana nilisikia kikohozi, mbali, upande wa kinamasi. Nilitoka mbio mpaka maji yakanifika magotini.

Alikuwa kondoo.

Nikirudi nyumbani navua viatu nje. Nafungua mlango wangu kama mwizi, napita ukumbini kwa vidole, na pumzi nimeibana. Siku hizi sibishi hodi kwangu. Nikibisha, kuna mtu ataitika.